Ulaya ya Mifupa: Nani Aliwaweka Pale?

Fuvu la mwisho kuingia katika ghala la mifupa la Hallstatt, nchini Austria, lina jino la dhahabu. Mwenyewe, mama wa kijiji hichohicho, alifariki mwaka 1983 akiwa ameacha wasia kwamba muda ukifika kaburi lake lifunguliwe na fuvu lake lipelekwe kwa wenzake waliotangulia. Wasia ukatekelezwa mwaka 1995. Si habari ya zama za kale: mwaka huohuo Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu wake wa kwanza tangu vyama vingi virudi.

Orodha za vivutio vya ajabu vya Ulaya zinazosambaa mitandaoni hupenda kuyatupa mafuvu ya Hallstatt, mahandaki ya Paris na kanisa la mifupa la Kutná Hora katika kapu moja lililoandikwa "ya kutisha", kisha zikahamia kwenye kasri la Dracula. Huo ni uvivu. Mahali hapo patatu pana mifupa, basi. Zaidi ya hapo hapafanani hata kidogo. Mimi naona vivutio vya namna hii vinastahili nauli kuliko mnara wa Eiffel, lakini kwa sharti kwamba mgeni aulize swali moja kabla ya kukata tiketi: wafu hawa waliwekwa hapa na nani? Ukilishika swali hilo, Ulaya unayoiona inabadilika. Na linauma zaidi ukifika Berlin, ambako baadhi ya mifupa imetoka kwetu.

Tubaki Hallstatt kwanza. Kijiji kimebanwa: mbele ziwa, nyuma mlima, na katikati kipande chembamba cha ardhi ambacho nyumba zake zimepandiana. Wakazi hawafiki 800. Kilichowaleta watu ni chumvi, inayochimbwa katika mlima huo kwa takriban miaka 7,000. Makaburi ya kale yaliyofukuliwa pale yalikutwa na vitu vingi na vya thamani kiasi kwamba wanaakiolojia walikiita kipindi kizima cha mwanzo wa zama za chuma katika Ulaya ya kati kwa jina la kijiji hicho. Mwaka 1997 UNESCO ikaliweka eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Ila utajiri wa chumvi haukuongeza hata hatua moja ya ardhi ya kuzikia.

Kwa hiyo kaburi la Hallstatt lilikuwa la kuazima. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano lilifunguliwa ili apishwe maiti mwingine. Mifupa ilitolewa, fuvu likaoshwa na kuachwa nje hadi likawa jeupe, kisha mchimba kaburi, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa na kipaji hicho, akalichora: jina la marehemu na miaka yake, juu yake shada la maua ya waridi, majani ya mwaloni au mmea wa kutambaa. Desturi ya kuchora ilianza mnamo mwaka 1720. Leo ndani ya chumba hicho kidogo kando ya kanisa la Katoliki kuna mafuvu kama 1,200, na zaidi ya 600 yamechorwa. Yamepangwa kwa koo. Familia moja imekaa rafu moja, vizazi kwa vizazi, na jina la ukoo linasomeka kwenye paji baada ya paji.

Msomaji wa Pwani, aliyefundishwa tangu madrasa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai, huenda akashtuka. Mshtuko huo ni halali. Lakini tazama nini hasa kimefanyika: hakuna aliyevunjwa, hakuna aliyepotezewa jina, na waliofungua kaburi ni watoto wake au majirani zake. Kikomo cha desturi nacho kina sababu. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki liliruhusu waumini wake kuchomwa maiti, majivu yakawa yanahitaji nafasi ndogo, na foleni ya makaburi ikapungua. Anayetaka fuvu lake liingie humo siku hizi lazima aombe mwenyewe angali hai, kama alivyofanya yule mama.

Wanaoifanya Hallstatt isikalike leo si wafu. Katika msimu wa wageni wanaweza kuingia watu 10,000 kwa siku moja. Mwaka 2023 wanakijiji waliandamana na kufunga barabara kwa muda kupinga wingi huo. Wachina waliipenda hadi wakajenga nakala yake katika jimbo la Guangdong, iliyofunguliwa mwaka 2012. Wengi wa wageni hupiga picha ziwa, wakala aiskrimu, wakarudi kwenye basi bila hata kupanda ngazi za kanisani. Ukienda, lala palepale. Jioni mabasi yakishaondoka kijiji kinarudi kwa wenyewe, na asubuhi yake unaweza kuyasoma majina kwa nafasi.

Paris walikuwa na tatizo lilelile la ardhi, wakalitatua kwa njia ya serikali ya mji. Makaburi ya Les Innocents, katikati ya jiji, yalikuwa yamepokea maiti kwa karne nyingi hadi udongo wake ukainuka juu ya mitaa inayouzunguka. Mwaka 1780 ukuta wa ghala la chini la nyumba ya jirani uliporomoka kwa uzito wa makaburi, na yaliyokuwa upande wa pili yakamwagikia ndani. Makaburi yakafungwa. Kuanzia mwaka 1786 mifupa ilisafirishwa usiku kwa mikokoteni iliyofunikwa nguo nyeusi, mapadri wakiimba nyuma yake, hadi kwenye machimbo ya zamani ya mawe kusini mwa jiji. Makaburi mengine yakafuata. Jumla inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni sita.

Kinachonivutia mimi ni yale machimbo. Mawe ya chokaa yaliyojengea makanisa na majumba ya Paris yalitolewa chini ya Paris yenyewe, kwa karne kadhaa, mpaka jiji likawa limesimama juu ya utupu. Mwaka 1774 barabara ikatitia na kumeza nyumba. Mwaka 1777 mfalme akaunda idara maalumu ya kukagua na kuimarisha mashimo hayo, na idara hiyo ipo mpaka leo. Basi utupu ulioachwa na mawe ukajazwa na waliokuwa wakiishi ndani ya mawe hayo. Ukishuka ngazi 131 hadi mita kama 20 chini, kwenye baridi ya nyuzi 14, unapita katika njia ya kilomita moja na nusu kati ya kuta za mifupa ya mapaja zilizonakshiwa kwa mafuvu. Mpangilio huo wa kupendeza ni kazi ya mkaguzi Héricart de Thury, mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla yake mifupa ilimwagwa tu.

Hapa ndipo Paris inapoachana na Hallstatt. Kila lundo lina kibao kinachotaja makaburi lilikotoka na mwaka wa kuhamishwa, lakini hakuna kinachotaja mtu. Maskini waliozikwa kwenye mashimo ya pamoja, matajiri, waliouawa kwenye mapinduzi, wote wamechanganywa. Wengine huusifu usawa huo. Mimi nauona ni usawa wa bohari: mali imehesabiwa kwa shehena. Hata hivyo siwezi kuwalaumu sana. Mji uliwahamisha wafu wake wenyewe, kwa ibada, kwa sababu walio hai walikuwa wakiugua kwa harufu na maji machafu. Kabla ya kupanga safari, angalia kama pamefunguliwa, maana hufungwa kwa matengenezo, na tiketi za siku za msimu huisha mapema.

Kutná Hora ndiyo inayonipa taabu, na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Mji huo, kilomita kama 70 mashariki mwa Prague, ulitajirika kwa fedha iliyochimbwa chini yake. Kwenye kitongoji chake cha Sedlec kulikuwa na monasteri. Inasimuliwa kwamba mwaka 1278 abati wake alitumwa Yerusalemu, akarudi na udongo kidogo wa Golgotha na kuunyunyiza makaburini. Baada ya hapo kila mwenye uwezo alitaka kuzikwa Sedlec. Ikaja tauni katikati ya karne ya 14, zikaja vita vya kidini vya Wahusi karne iliyofuata, na makaburi yakafurika. Watawa wakaikusanya mifupa katika kanisa dogo la chini. Makadirio yanataja watu kati ya 40,000 na 70,000. Mpaka hapo ni hadithi ya Hallstatt kwa kipimo kikubwa zaidi.

Kisha monasteri ikavunjwa, ardhi ikanunuliwa na ukoo wa kitajiri wa Schwarzenberg, na mwaka 1870 fundi wa mbao aitwaye František Rint akapewa kazi ya kuipanga mifupa. Akapamba. Akatengeneza thurea kubwa inayoning'inia katikati, ambayo husemwa ina angalau mfupa mmoja wa kila aina iliyomo mwilini mwa mwanadamu. Akatengeneza vikombe vya ibada vya mifupa. Akatengeneza nembo ya ukoo wa Schwarzenberg, nayo ina kunguru wa mifupa anayedonoa jicho la Mturuki, kumbukumbu ya ushindi wa ukoo huo katika vita dhidi ya Waothmani. Alipomaliza akaandika jina lake ukutani, kwa mifupa vilevile.

Mafundi wa Ulaya wana mengi ya kusifiwa, na Rint alikuwa na mkono. Lakini jiulize mkulima aliyekufa kwa tauni alidaiwa nini na ukoo wa Schwarzenberg hata kiungo chake kigeuzwe herufi ya nembo yao. Alichotaka kilikuwa wazi: udongo wa Golgotha na subira ya ufufuo. Alichopata ni kazi ya mapambo miaka 500 baada ya kifo. Haishangazi kwamba wageni nao waliendeleza pale alipoishia Rint, wakayavika mafuvu miwani na kofia, wakayabusu kwa ajili ya picha, hadi wasimamizi walipopiga marufuku upigaji picha bila kibali kuanzia Januari 2020. Ukishamgeuza maiti pambo, mgeni atamchezea, ameonyeshwa njia. Nenda Sedlec hata hivyo, maana ni funzo zuri la jinsi mali inavyoweza kumfuata maskini hadi kaburini. Halafu tembea hadi kanisa la Mtakatifu Barbara upande wa pili wa mji, lililojengwa kwa fedha ya wachimba migodi, ambamo michoro ya ukutani inawaonyesha watu hao wakiwa kazini.

Nizigusie mbili nyingine kwa haraka. Évora, nchini Ureno, ina kanisa dogo la mifupa ya watu kama 5,000, lililojengwa na Wafransisko ndani ya kanisa la São Francisco katika enzi ambayo Wareno walikuwa wakitajirika kwa bahari, pamoja na ile ya kwetu. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593. Juu ya mlango pameandikwa kwa Kireno maneno ambayo maana yake ni "Sisi mifupa tuliopo hapa tunaingoja yenu." Watawa waliyakusudia kwa matajiri wa mji. Mfupa wa Évora haumsifu mtu yeyote, na ndiyo maana nauweka juu ya Sedlec.

Palermo, kisiwani Sicilia, ni habari ya fedha taslimu. Chini ya monasteri ya Wakapuchini kuna maiti karibu 8,000 zilizokaushwa na kuvalishwa, zikiwa zimesimama ukutani kwa madaraja: watawa kwao, wanaume kwao, wanawake kwao, wasomi na wanasheria kwao. Ilianza mwaka 1599 kwa mtawa mmoja. Baadaye wenye uwezo wakataka nafasi. Ndugu walikuja kumwona marehemu wao, kumbadilisha nguo na kusali naye, na familia iliyoacha kuchangia ilikuta mtu wake ameondolewa mahali pa heshima na kuwekwa rafuni. Maarufu kuliko wote ni mtoto Rosalia Lombardo, aliyefariki mwaka 1920 kabla hajatimiza miaka miwili, ambaye dawa za mtaalamu Alfredo Salafia zimemwacha kama aliyelala. Watu hupanga foleni kwa ajili yake. Baba yake ndiye aliyeomba ahifadhiwe, na sijui kama aliwahi kufikiria foleni.

Suala la viza lisirukwe, kwa kuwa makala nyingi za utalii zinaandikwa na watu wenye pasipoti zisizoulizwa kitu. Nchi zote nilizozitaja ziko ndani ya Schengen, hivyo viza moja inatosha; ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Wasomaji wengi wa makala hii watakaofika huko watakuwa wamekwenda kwa masomo, kazi, mkutano au harusi ya ndugu, na watakuwa na siku mbili tatu za kuiba. Kwa mtu huyo, aliyeko Ujerumani au Ubelgiji, nina mapendekezo mawili ambayo orodha za vivutio vya ajabu huwa hazina.

La kwanza ni jumba la makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, mjini Berlin. Ukiingia tu unakutana na mjusi wa Tendaguru, kiunzi cha mifupa chenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Alitoka katika kilima kilichoko mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuondoka na zaidi ya tani 200 za mifupa. Wenyeji walikuwa wakijua kuhusu mifupa hiyo, na ndio walioionyesha. Katika baadhi ya misimu walifanya kazi watu 500 hivi, na kila jiwe lilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa za mwendo hadi bandari ya Lindi. Mnyapara mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa stadi wa kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 2007 wataalamu walimwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii kwa heshima yake. Miaka 98 baada ya kazi kuanza, lakini bora.

Zingatia tarehe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha mwaka 1907, na jeshi la Wajerumani lilikuwa limechoma mashamba na maghala ya kusini hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka miwili tu baadaye ndipo wakapatikana vibarua wa kubeba mawe kwa mshahara mdogo. Sayansi iliyofanyika Tendaguru ni ya kweli na kubwa, wala siidharau, lakini mgeni anayemtazama mjusi yule bila kuikumbuka njaa hiyo ameona nusu ya maonyesho. Suala la kumrudisha limewahi kuulizwa bungeni Dodoma. Maoni yangu ni kwamba si hilo la kwanza. Mjusi hana matanga yanayosubiri.

Wenye matanga wako kwenye maghala mengine ya jiji hilohilo, ambako hakuna tiketi. Katika enzi ya ukoloni mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalikusanywa na kupelekwa Berlin kwa ajili ya vipimo vya kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Utafiti wa taasisi ya makumbusho ya jiji hilo ulishughulikia mafuvu 1,135, mengi yakiwa ya Rwanda, kisha ya Tanzania, na machache ya Kenya. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na kwao inasimuliwa kwamba kichwa chake kilichukuliwa. Mjukuu wake alihangaika miaka mingi kukitafuta. Mwaka 2023 Berlin ikatangaza kwamba vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai za Kilimanjaro. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani akaenda Songea kuomba msamaha kwa ajili ya Maji Maji.

Kwa swali langu la mwanzo, Berlin ndiyo inayofeli kabisa. Hallstatt ndugu waliweka ndugu, Paris mji ulihamisha watu wake, hata Sedlec maiti walizikwa kwanza kwa hiari yao. Mafuvu ya Berlin yaliporwa, yakapewa namba, yakafungiwa.

Pendekezo la pili ni Tervuren, nje kidogo ya Brussels, unakofika kwa tramu namba 44. Kila mtu huenda kwenye jumba kubwa la makumbusho ya Afrika, lililofunguliwa upya Desemba 2018. Nenda, lakini kisha tembea hadi kanisa la Mtakatifu Yohane mjini humo. Ubavuni mwake kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliagiza Wakongo 267 waletwe na kuwekwa katika vijiji vya maonyesho bustanini, wakitazamwa na zaidi ya wageni milioni moja. Saba walikufa kwa baridi na maradhi, miongoni mwao Ekia, Mpeia na Kitukwa. Walizikwa kwanza pembeni, katika ardhi isiyobarikiwa, na miongo kadhaa baadaye ndipo wakasogezwa kando ya kanisa. Hakuna nakshi wala thurea. Kuna majina, na hakuna kiingilio.

Kama huwezi kufika huko, Kalenga iko karibu na Iringa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, lakini lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo. Siku hizi kuna vinasaba, na Kilimanjaro vimeonyesha vinaweza kujibu kwa uhakika kuliko rula ya gavana, hivyo familia yoyote ya Moshi, Songea au Kigali inayodai mtu wake ina haki ya kupimwa kwa gharama ya aliyemchukua.